Futa hiyo + 10800000 kabla programu haijafika kwa watumiaji

Mkuu, simama hapo hapo. Usiendelee na huo mstari.

Umesema seva inakuletea maandishi kama 2024-05-10T14:30:00Z, unayasoma kwa SimpleDateFormat (kifaa cha Java na Android cha kugeuza maandishi kuwa wakati) yenye mpangilio yyyy-MM-dd'T'HH:mm:ss'Z', kisha saa inaonekana nyuma kwa saa 3, ukaamua kuongeza + 10800000, yaani saa 3 kwa milisekunde. Sasa unauliza kama hiyo inatosha. Haitoshi. Imekubali kwenye simu yako kwa sababu simu yako imewekwa saa za eneo lililo saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa ya marejeo.

Tazama hizo alama za nukuu zinazoizunguka Z. Kwenye SimpleDateFormat, kilichomo ndani ya nukuu ni herufi tupu ya kupita, haina maana yoyote. Ile Z ya seva inasema "hii ni saa ya UTC", wewe umeiambia programu isiisikilize. Ikikosa maelekezo inachukua saa za eneo zilizowekwa kwenye simu. Namba sahihi ya maandishi yako, kwa milisekunde tangu mwanzo wa 1970, ni 1715351400000, wewe unapata 1715340600000, unairudisha juu kwa mkono, unaona kila kitu kimenyooka.

Sasa mpe programu hiyo mtu aliye Tokyo, saa 9 mbele ya UTC. Kosa lake ni la saa 9, wewe unamrudishia 3, anabaki nyuma saa 6. Aliye London wakati wa baridi hakuwa na kosa lolote, lakini wewe unamsukuma mbele saa 3. Majira ya joto London inasogeza saa mbele kwa saa moja, kwa hiyo mtu yule yule, simu ile ile, anakuwa mbele saa 2. Utapokea malalamiko matatu yasiyofanana na utayatafutia sababu tatu tofauti, kama nilivyofanya mimi.

Programu yangu ilikuwa ya kukumbusha watu miadi. Kengele kulia muda usio wake lilikuwa jambo dogo. Kilichonigharimu ni hifadhidata. Namba mbovu zilikuwa zimeshaandikwa humo, na ukiitazama namba huwezi kujua ilitoka kwenye simu iliyowekwa saa za eneo gani. Sikuhifadhi maandishi ya asili ya seva, wala saa za eneo za simu. Wengine walikuwa wamesafiri katikati, kwa hiyo hata rekodi za mtu mmoja hazikuwa na kosa la aina moja. Nikatoa toleo jipya lenye msimbo sahihi, likaanza kuandika namba nzuri kando ya mbovu ndani ya safu moja, na hapo ndipo kutenganisha kuliposhindikana kabisa. Ikabidi tuwaombe watu waingize miadi yao upya. Wengi hawakurudi, na siwalaumu.

Njia hii ya kuongeza saa niliifuata kutoka kwenye kozi ya video ya kulipia. Mwalimu anaandika nukuu kwenye Z bila kusema neno, saa inakosea mbele ya macho yake, anaongeza milisekunde, anasema "sasa iko sawa", anaendelea na rangi za vitufe. Aliuona ushahidi wa kosa akaufunika, na kwenye maoni watu wanamshukuru. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana anayeanza hana namna ya kujua kwamba amefundishwa kuficha hitilafu.

Shika hili moja: muhuri wa wakati, yaani hiyo namba, hauna saa za eneo. Ni hesabu ya muda uliopita tangu 1 Januari 1970 saa 00:00 UTC, na kwa tukio moja hesabu hiyo ni ileile dunia nzima. Saa za eneo zina kazi sehemu mbili tu, unaposoma maandishi na unapomwonyesha mtu. Ukijikuta unajumlisha saa kwenye namba yenyewe, rudi nyuma, kosa liko kwenye usomaji.

Kwa Kotlin andika Instant.parse(maandishi).toEpochMilli(). Inaielewa Z yenyewe. Ipo kuanzia Android 8.0, na kwa matoleo ya nyuma washa desugaring (mpangilio wa kujenga programu unaoiwezesha Instant kufanya kazi kwenye simu za zamani). Ukilazimika kubaki na SimpleDateFormat, iwekee setTimeZone(TimeZone.getTimeZone("UTC")) kabla ya kusoma. Mwenzako wa iOS atumie ISO8601DateFormatter, ila akumbuke timeIntervalSince1970 inatoa sekunde, si milisekunde. Sekunde za leo zina tarakimu 10, milisekunde 13. Mkisoma sekunde kana kwamba ni milisekunde, tarehe zenu zitaangukia Januari 1970.

Kisha pima. Nenda kwenye mipangilio ya simu, weka saa za Tokyo, ifunge programu kabisa na uifungue tena, soma maandishi yale yale, chapisha namba. Rudia kwa New York. Zote mbili lazima zitoe 1715351400000. Namba ikibadilika hata kidogo, usitoe toleo.

Na kama kuna majaribio yameshaandika kwenye hifadhidata, ifute yote leo, usijaribu kuirekebisha. Kwenye jedwali jipya ongeza safu ya kuhifadhi maandishi ya seva kama yalivyokuja, ili siku ukikuta kosa uwe na cha kuhesabia upya.