Kabla hujaandika kwamba Sammy Baugh alipoteza mipira 11

Wadogo zangu mlioingia dawati la michezo msimu huu, juzi nimesahihisha wasifu wa tatu wa Sammy Baugh, nyota wa zamani wa ligi ya futiboli ya Marekani (NFL), wenye kosa lile lile la kudai kwamba msimu wa 1943 aliwapa wapinzani mipira 11, na kwa kuwa kosa hilo nalijua kwa jina na kwa sura, nimeona niliseme mara moja kabla wino wangu mwekundu haujakauka.

1. Msimwite kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, tangu siku ya kwanza. Alipotoka Chuo Kikuu cha Texas Christian mwaka 1937 na kujiunga na Washington, timu iliyokuwa imehama Boston mwaka huo huo, alicheza telibeki, yaani mchezaji wa nyuma anayepokea mpira ili akimbie nao, aurushe au aupige, katika mpangilio wa zamani wa kushambulia uitwao mfumo wa bawa moja. Ukwotabeki wa mfumo wa T, ambamo kwotabeki husimama nyuma tu ya anayeanzisha mpira, aliuanza mwaka 1944, ubingwa wa 1937 na ule wa 1942 ukiwa tayari kabatini.

2. Someni kichwa cha safu kabla ya tarakimu. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na miezi minne kazini nilipopewa dakika tatu za kipindi cha redio cha Jumapili, nami nikaweka mbele yangu jedwali la msimu wa 1943, nikaiona 11 chini ya neno la pasi zilizonaswa, yaani zilizodakwa na upande usiozirusha. Kwa kuwa niliyemzoea ni kwotabeki wa siku hizi, ambaye pasi yake ikinaswa huenda benchi akanywa maji, sikujisumbua kuuliza aliyenasa ni nani. Nikaandika, tena kwa madaha, kwamba mkono wa Baugh ulikuwa mkarimu kupita kiasi, kwani uliwagawia wapinzani mipira 11. Mtangazaji alicheka hewani, nami nikajiona gwiji.

Jioni ile akapiga simu mzee mmoja aliyeishi Texas miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, wapinzani wakishaupata mpira, unadhani Baugh alikwenda wapi?” Nikajibu kwamba alikwenda benchi. Akanyamaza kidogo. “Hakwenda popote. Alibaki uwanjani kulinda.”

Nilirudi kwenye jedwali nikiwa natokwa na jasho. Mchezaji wa enzi zile alishambulia na kulinda bila kutoka, na zile 11 zilikuwa pasi ambazo Baugh mwenyewe aliwapokonya wapinzani, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote wa ligi mwaka ule, mwaka ambao pia aliongoza kwa kurusha pasi na kwa mikwaju ya kuwarudisha wapinzani nyuma. Dhidi ya Detroit, katika mchezo mmoja, alirusha pasi nne za tachidauni, yaani za kufunga alama, na kunasa nne za wapinzani. Mimi nilikuwa nimeichukua sifa yake kubwa nikaitangaza kuwa aibu. Jumapili iliyofuata nilisoma masahihisho kwa sauti yangu mwenyewe, mtangazaji yule yule akiwa pembeni, na safari hii hakucheka. Karatasi ninayo hadi leo, ile 11 imezungushiwa duara mara mbili.

3. Yadi 51.4 za mwaka 1940 ni wastani wa mikwaju yake ya msimu mzima, rekodi iliyodumu hadi 2022, wala si urefu wa mkwaju mmoja.

4. Kuhusu fainali ya 1945, mmoja wenu (anajijua) ameandika kwamba Baugh “alijifunga”. Neno hilo tuwaachie wenzetu wa soka. Wakati ule milingoti ilisimama juu ya mstari wa goli, pasi aliyoirusha kutoka eneo lake la mwisho, yaani nyuma ya mstari wa goli la timu yake, ikagonga mlingoti, na kwa kanuni ya siku zile Rams wa Cleveland wakapewa alama mbili. Washington wakafungwa 15 kwa 14, na kanuni yenyewe ikabadilishwa baadaye. Alama mbili zile ni habari nzima, nawe umeipa maneno manne.

Wasifu zote tatu zirudi mezani kwangu Alhamisi, na kila penye pasi iliyonaswa paandikwe aliyenasa.