Gonoleki hataki spika yako

Jumamosi nilikuwa ufuoni Dunga, Kisumu, nikiwatazama vijana watatu ndani ya mtumbwi, spika mapajani, mlio wa ndege aitwaye gonoleki wa mafunjo ukirudiwa kama tangazo la mkutano wa hadhara ili atokeze apigwe picha. Niliumia, maana niliyemwona pale ni mimi mwenyewe wa miaka tisa iliyopita, ila huyu ana lenzi nzuri zaidi. Haya, sikilizeni.

1. Fikeni alfajiri. Upepo wa ziwa ukianza, mafunjo yanacheza na picha imekwisha.

2. Mjueni mnayemtafuta: utosi wa manjano, mstari mweupe bawani, kifua chekundu. Yule mwenye kichwa cheusi tii, asiye na mstari, ni binamu yake wa vichakani. Kila mara kuna anayenipigia simu usiku kutangaza gonoleki wa mafunjo aliyempiga picha uani kwa shangazi yake Milimani. Milimani kuna mafunjo, ndugu yangu?

3. Spika. Nilikuwa nayo. Nilibonyeza mara moja, wakajibu; dume na jike hupokezana mlio hadi ukadhani ni ndege mmoja. Mwenye akili angezima hapo. Mimi nikarudia, nadhani mara 20. Dume akatokeza, akatua kwenye bua mita nne tu kutoka nilipokaa, akageuka huku na huku akimtafuta jeuri aliyeingia kwake. Mikono ikanitetemeka. Kamera ikalenga bua la mbele. Picha 41: bua unaweza kuhesabu nyuzi zake, na nyuma yake ukungu mwekundu.

Nikanyoosha kidole kubonyeza tena. Mzee wa kasia akaacha kupiga kasia.

“Omera, kila dakika unamwambia mwenye nyumba mwizi ameingia. Atakula saa ngapi?”

Nikabonyeza. Sikumjibu hata.

Jioni, nikifuta picha mbovu, nikafika kwenye moja niliyoipiga bila kukusudia. Jike, pembeni, amenyamaza, kiwavi mdomoni. Alikuwa na makinda ya kulisha, na mimi nilikuwa nimemshikilia pale nusu saa na kiwavi wake. Ndiyo picha pekee iliyotoka safi siku ile. Sijamwonyesha mtu.

4. Muulizeni nahodha gugu maji limelala upande gani kabla hamjaondoka. Upepo ukigeuka linafunga njia.

5. Wakata mafunjo wanajua gonoleki anapoimbia kuliko mimi na darubini yangu. Lakini salimieni kwanza, jamani, ulizeni na bei ya mkeka, halafu ndipo mtaje ndege. Mimi mama mmoja alinionyesha kona ambayo nilikuwa nimeipita mwaka mzima. Nikaenda mara tatu bila spika, nikarudi na mbu. Mara ya nne dume akatoka mwenyewe kwenye jua, utosi unawaka, akasimama labda sekunde sita.

Nilikuwa nimeshika chapati. Mzee wa kasia, yule yule, alicheka hadi mtumbwi ukayumba.