Re: Makadirio ya watu 2060 yanafaa kupangia shule Mbeya?

Ndugu, kwa miaka 10 hadi 15 yanafaa. Kwa 2060, hapana. Wanafunzi wako wa 2060 hawajazaliwa, na wazazi wao wengi bado ni watoto au hawajazaliwa, kwa hiyo kosa dogo la kukadiria uzazi linahesabiwa mara mbili: watoto, kisha watoto wa watoto. Chukua watu 100,000. Wakiongezeka asilimia 3.2 kwa mwaka, baada ya miaka 40 ni kama 352,000. Kwa asilimia 2.2, ni 239,000 tu.

Mtego mkubwa zaidi kwenu ni mipaka. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu milioni 2.7, ya 2022 milioni 2.3. Watu hawakupungua, mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya 2016! (Iringa na Njombe nako angalia hivyo hivyo, ukirudi kwenye takwimu za 2002, maana Njombe ilimegwa kutoka Iringa.) Jumlisha Mbeya na Songwe kwanza, au bora fanya hesabu kwa kata.

Kisha chukua makadirio ya chini, ya kati na ya juu. Jenga madarasa ya kukidhi la chini, eneo la kiwanja linunue kwa la juu. Umoja wa Mataifa wenyewe hurekebisha makadirio yao kila baada ya miaka 2 hivi.