Niziunge vipi diski zangu nne?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi napiga na kuediti video za harusi na sendofu hapa Mwanza. Kwenye kompyuta nina hadidiski nne, mbili za TB 2, moja ya TB 1 na kadogo ka GB 500 nilikokatoa kwenye laptopu mbovu. Nimechoka kutafuta faili mara D mara F, nataka zote zionekane kama diski moja. Fundi kanambia nipige RAID 0 eti ndo inakimbia. We unaonaje?

JIBU: Salama ndugu yangu. RAID ni njia ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Kwenye spidi fundi hajakudanganya, RAID 0 inakata kila faili vipande inavigawa kwenye diski zote kwa hiyo zinasoma na kuandika kwa pamoja, ila hebu fikiria ile klipu bibi harusi anaingia ukumbini, kipande huku kipande kule, siku diski moja ikifa zile tatu zilobaki nzima hazikusaidii kitu. Nilishakaa na kijana ameshika diski inalia tik tik tik, ndani mna harusi ya mteja ambaye hajakabidhiwa kazi, na ilikuwa RAID 0. Sitaki yakukute. Halafu RAID inayokuja na bodi ya kompyuta (mazabodi) kwa kawaida inafuata diski ndogo kuliko zote, yaani 500 mara nne, unapata TB 2 wakati unazo 5.5!

Kuziunganisha moja nyuma ya nyingine kwenye Windows utapata hiyo 5.5 yote, lakini hatari ni ileile, ikifa moja hiyo diski kubwa uliyounda inagoma nzima. RAID 5 inavumilia kufiwa na diski moja ila kwa diski zako hizi unabaki na TB 1.5 tu, haikufai.

Mi ningefanya hivi. Zile mbili za TB 2 zifanye kioo, yaani RAID 1, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, unapata TB 2 na moja ikifa kazi inaendelea. Kuanzia Windows 8 inafanyika kwenye Storage Spaces, sehemu ya Windows yenyewe ya kuunganisha diski, huhitaji kununua kadi ya RAID. Sasa ile ya TB 1 usiiunge na chochote, ifungue kwenye Disk Management, sehemu ya Windows ya kupanga diski, badala ya kuipa herufi ipachike kwenye folda tupu ndani ya hiyo diski ya kioo, iite labda KAZI MPYA. Hapo kero yako ya D na F imeisha, unaona sehemu moja, na ikifa imekufa yenyewe tu. Kadogo kapime kwanza na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikiandika Caution (tahadhari) kaweke pembeni.

Ila kioo sio bekapu jamani, ukifuta faili kwa bahati mbaya limefutika kote kote, na virusi navyo hivyohivyo, kwa hiyo tafuta eksteno moja, yaani hadidiski ya nje, ikae nyumbani sio studio.

Na kabla hujagusa chochote, Storage Spaces inafuta kila kilichomo kwenye diski unazoipa. Hamisha kazi zote kwenye eksteno, fungua video tatu nne uzicheze mpaka mwisho, ndo uanze.