Anwani Kwanza, Nyota Baadaye: Kusoma Takwimu za Shule Kabla ya Kuhamia Maryland

Ukitafuta nyumba ya kupanga au kununua upande wa Maryland, karibu na Washington, tangazo lolote litakuonyesha shule tatu chini ya picha za jiko na sebule: ya msingi, ya kati na ya sekondari, kila moja na alama yake kati ya 1 na 10. Alama hizo ni za GreatSchools, shirika lisilo la kiserikali, na Zillow, tovuti ya matangazo ya nyumba, huzichukua kama zilivyo. Wazazi wengi wa kwetu huishia hapo. Wengine hujibana kulipa kodi kubwa ya pango wakifuata namba 8, wengine huikimbia mitaa mizuri kwa sababu ya namba 4. Takwimu za jimbo na za kaunti zenyewe ziko wazi, ni bure, na zinaeleza mengi ambayo namba moja haiwezi kuyaeleza, mradi ujue uanzie wapi.

Anzia kwenye anwani. Maryland ina mifumo 24 ya shule za umma: 23 ya kaunti na mmoja wa Jiji la Baltimore. Mtoto hupangiwa shule kufuatana na mahali anapoishi, na mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, nyumba zenye namba shufwa zikaenda shule moja na zenye namba witiri zikaenda nyingine. Kwa hiyo kusema "tunahamia Silver Spring" hakutoshi. Silver Spring haina serikali yake ya mji. Ni jina linalofunika eneo kubwa la Kaunti ya Montgomery lenye shule za sekondari kadhaa zisizofanana.

Laurel ni mtego mkubwa zaidi. Anwani iliyoandikwa Laurel inaweza kuwa ndani ya kaunti tatu tofauti: namba za posta 20707 na 20708 kwa sehemu kubwa ni Prince George's, 20723 ni Howard, na 20724 ni Anne Arundel. Dalali akikuambia "ni Laurel, shule za Howard", omba namba ya posta, kisha hakikisha mwenyewe. Kila kaunti ina ukurasa wa kutafutia shule kwa anwani kwenye tovuti yake. Andika namba ya nyumba na jina kamili la barabara, pamoja na lile neno la mwisho, iwe Drive, Court au Terrace, maana jina lilelile hurudiwa kwenye barabara zinazokaribiana na kosa la neno hilo moja hukuletea shule ya mtaa mwingine. Hifadhi picha ya jibu ikiwa na tarehe. Usiamini shule zilizotajwa kwenye tangazo la nyumba. Mara nyingine ni zile zilizo karibu tu, au mpaka umeshabadilika.

Ukishapata majina ya shule zote tatu, ndipo ufungue Maryland Report Card, tovuti ya Idara ya Elimu ya Jimbo. Humo kila shule ina nyota 1 hadi 5. Nyota hutokana na pointi zinazochanganya ufaulu wa mitihani, hatua ambayo watoto wamepiga kwa mwaka, mahudhurio, maendeleo ya wanaojifunza Kiingereza na mengineyo. Katika mfumo ulioanza 2018, asilimia 75 ya pointi ilitoa nyota 5, 60 nyota 4, 45 nyota 3 na 30 nyota 2. Maana yake shule yenye pointi 59 na yenye pointi 60 hutofautiana nyota nzima ingawa kwa hali halisi ni sawa. Zipite nyota, uteremke hadi kwenye jedwali lililozizaa.

Mtihani wa jimbo unaitwa MCAP. Kiingereza na hesabu hufanywa darasa la 3 hadi la 8, sayansi darasa la 5 na la 8, na sekondari kuna mitihani ya masomo kama aljebra na biolojia. Kuna viwango vinne, na "asilimia ya waliofaulu" ni jumla ya viwango viwili vya juu. Mwaka 2020 mtihani haukufanyika, na matokeo ya kabla ya hapo yalitoka kwenye mtihani wa aina nyingine, kwa hiyo usichore mstari kutoka 2018 hadi leo ukasema shule imeshuka. Chukua miaka mitatu ya karibuni ya MCAP peke yake.

Mtihani ukianza darasa la 3, shule inayoishia darasa la 2 haina matokeo yoyote. Takoma Park Elementary ni mfano: watoto wake wakimaliza darasa la 2 huhamia Piney Branch kwa darasa la 3 hadi la 5. Ukiona ukurasa mtupu, tafuta shule inayopokea watoto hao na usome matokeo yake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kila mzazi alielewe hata kama mengine atayasahau. Wastani wa shule unakuambia zaidi ni nani wanaosoma pale, na kidogo tu kuhusu kinachofundishwa. Tuchukue shule mbili za kubuni ili hesabu ionekane. Shule A ina watoto 20 katika kila 100 wanaostahili chakula cha bure au cha bei nafuu, yaani wa familia zenye kipato kidogo, na 22% ya hao wamefaulu hesabu. Waliobaki 80 wamefaulu kwa 70%. Wastani wake unatoka 60%. Shule B ina watoto 70 katika kila 100 wanaostahili chakula hicho, na 35% yao wamefaulu. Waliobaki 30 wamefaulu kwa 68%. Wastani wake ni 45%. Kwenye tangazo la nyumba A inaishinda B kwa pointi 15, na kodi ya pango ya mtaa wa A itafuata. Lakini mtoto wa familia yenye kipato kidogo ana matokeo mazuri zaidi B, tena kwa tofauti kubwa, na mtoto wa familia yenye uwezo anapata karibu kilekile popote. Kinachotofautisha wastani ni idadi ya watoto wa kila kundi. Familia iliyofika mwaka jana, baba anaendesha Uber na mama anasomea uuguzi, ikijibana kuingia mtaa wa A, inalipa zaidi ili mtoto wake awe kwenye lile kundi la 22%.

Kwa hiyo kwenye Report Card tafuta sehemu ya kuchagua kundi la wanafunzi, kisha soma matokeo ya watoto wanaofanana na wako: kipato, wanaojifunza Kiingereza, wenye mahitaji maalumu, rangi. Hapo utakutana na vizuizi viwili. Alama ya nyota ndogo (*) mahali pa namba inamaanisha kundi lina wanafunzi chini ya 10, na jimbo limeficha matokeo kulinda faragha. Namba kama "5.0 au chini" nayo ni kificho cha aina hiyohiyo. Na pale kundi lina watoto 12, mtoto mmoja akifaulu au akianguka, asilimia inaruka pointi 8. Kundi dogo lisomwe kwa miaka mitatu pamoja, au usilitumie kabisa.

Uangalifu mwingine unahitajika kwenye hiyo takwimu ya chakula. Shule nyingi sasa zimo kwenye mpango wa shirikisho unaolisha watoto wote bure bila kujaza fomu, na mwaka 2023 kizingiti cha kuingia kilishushwa kutoka 40% hadi 25% ya watoto wanaothibitishwa moja kwa moja kupitia misaada kama SNAP, ule wa chakula. Fomu zisipojazwa, hesabu ya umaskini hufanywa kwa njia nyingine, na takwimu ya shule inaweza kuruka au kushuka ghafla bila familia hata moja kuhama.

Kwa watoto wanaotoka nyumbani Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda kikiwa ndiyo lugha yao, usihukumu shule kwa ufaulu wa kundi la wanaojifunza Kiingereza. Kundi hilo lazima lionekane chini, kwa kuwa mtoto akishaimudu lugha hutolewa kundini baada ya muda na nafasi yake huchukuliwa na mgeni. Soma kipimo cha maendeleo, yaani asilimia ya waliopiga hatua inayotarajiwa kwenye ACCESS, mtihani wao wa Kiingereza wa kila mwaka. Kisha piga simu shuleni na uulize walimu wa ESOL, yaani wa Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, ni wangapi, na kama wanaingia darasani kufundisha pamoja na mwalimu wa kawaida au wanawatoa watoto nje. Jibu la hapohapo, lenye majina na ratiba, ni dalili nzuri.

Kuna kipimo kimoja tunachokipa uzito kuliko nyota: utoro sugu. Maryland humhesabu mtoto kuwa mtoro sugu akikosa 10% ya siku za shule au zaidi, ambazo kwa mwaka wa siku 180 ni siku 18. Shule mbili za mtaa wa aina moja, zenye familia za kipato kilekile, zikitofautiana sana kwa utoro, kuna jambo linalofanyika vizuri mojawapo. Linganisha na majirani zake, usilinganishe na mitaa ya matajiri kama Bethesda.

Kaunti nazo zina takwimu zao. Montgomery hutoa kila mwaka kitabu kiitwacho Schools at a Glance, kurasa chache kwa kila shule. Humo mna wastani wa wanafunzi darasani, uwezo wa jengo, idadi ya madarasa ya muda uwanjani, na uzoefu wa walimu katika makundi matatu: chini ya miaka 5, miaka 5 hadi 15, na zaidi ya 15. Shule ambayo karibu nusu ya walimu wana chini ya miaka 5 huenda ni mpya, au inapoteza watu. Uliza ni ipi. Mna pia kiwango cha wanaoingia na kutoka katikati ya mwaka. Kikiwa juu, mwalimu hufundisha darasa linalobadilika sura kila mwezi.

Ile takwimu ya uwezo wa jengo ndiyo inayotabiri mipaka. Gawanya wanafunzi kwa nafasi: shule yenye wanafunzi 720 na nafasi 600 iko 120%. Shule iliyojaa hivyo, jirani yake ikiwa na nafasi tupu au shule mpya ikijengwa karibu, mpaka wake hauna uhakika. Howard ilihamisha maelfu ya wanafunzi kwa kura ya bodi ya elimu ya Novemba 2019, na sekondari ya Guilford Park ya Jessup ilipofunguliwa 2023 mipaka ya sekondari ikachorwa tena. Montgomery nako, ujenzi wa sekondari ya Crown kule Gaithersburg na kurudishwa kwa ile ya Charles W. Woodward kumelazimisha mapitio yanayogusa sekondari nyingi. Fuatilia mpango wa ujenzi wa shule: Montgomery msimamizi mkuu huutoa majira ya vuli, bodi ya elimu huupitisha Novemba, na baraza la kaunti huuidhinisha Mei. Ukipanga kwa mkataba wa mwaka mmoja, hilo si la kukunyima usingizi. Ukinunua kwa mkopo wa miaka 30 kwa ajili ya sekondari ambayo mtoto ataingia baada ya miaka 9, usilipe hata dola moja ya ziada kwa jina la sekondari hiyo.

Tahadhari pia na shule zenye programu za kuchaguliwa. Montgomery Blair ya Silver Spring inajulikana kwa miaka mingi kwa programu yake ya hesabu na sayansi, na matokeo ya wanafunzi hao yamo kwenye wastani wa shule nzima. Kuishi ng'ambo ya barabara hakumpi mtoto nafasi humo. Prince George's ina shule za kufundishia kwa Kifaransa, kama Dora Kennedy kule Greenbelt, ambazo familia za Kongo na Burundi zinapaswa kuzijua. Kuingia ni kwa bahati nasibu, na lazima uwe mkazi wa kaunti kwanza.

Kwa kijana aliyefika akiwa na miaka 16 au 17, soma kiwango cha kuhitimu kwa uangalifu. Kile cha miaka minne humhesabu aliyehitaji mwaka wa tano kuwa hakuhitimu kwa wakati, na wageni wengi huhitaji mwaka huo. Tazama cha miaka mitano. Maryland hutoa elimu ya umma bure hadi kijana afikishe miaka 21, kwa hiyo asikubali kuambiwa umri umempita. Matokeo na ripoti zake za kidato kwa kidato ziletwe zikiwa na mihuri, ndizo zinazoamua atawekwa darasa gani.

Familia inayokaa kwa ndugu baada ya kukosa makazi inalindwa na sheria ya McKinney-Vento: mtoto aandikishwe mara moja hata karatasi zikiwa pungufu. Hilo ni tofauti kabisa na kutumia anwani ya shangazi aliye Howard ilhali mnaishi kwingine. Kaunti huchunguza, mtoto hutolewa, na mzazi anaweza kudaiwa ada.

Kabla ya kusaini mkataba, pima pia umbali. Montgomery basi la shule halimchukui mtoto wa msingi anayeishi ndani ya maili 1, yaani kilomita 1.6; wa shule ya kati ni maili 1.5 na wa sekondari maili 2. Tembea njia hiyo saa 2 asubuhi siku ya kazi, uone barabara anazovuka. Na kama mtoto anakaribia miaka 5 huku ukipima kati ya Maryland na Virginia, kumbuka Maryland inataka awe ametimiza miaka hiyo kufikia Septemba 1 ili aanze chekechea, na Virginia kufikia Septemba 30. Aliyezaliwa Septemba 15 ataanza mwaka huu kule Fairfax, Virginia, lakini Montgomery atasubiri mwaka ujao isipokuwa ukiomba aingie mapema, na ombi hilo lina tarehe yake ya mwisho.