Ufa wa sebuleni ufutwe pichani au uachwe? Dada wa Kamera anajibu

Mwezi huu barua nyingi zimehusu jambo moja: picha za nyumba za kupanga na za kuuza zinazopitishwa kwenye programu za akili mnemba (AI) kabla ya kutangazwa. Nimechagua nne. Kupiga picha za nyumba ndiyo kazi yangu hapa Dar es Salaam, na nimeona jinsi picha ya uongo inavyompotezea mtu pesa na amani. Nitasema ninavyoona.

Dada wa Kamera, habari za kazi. Mimi ni dalali, bado kijana. Siku hizi napiga picha kwa simu kisha naiambia programu ya akili mnemba iipendezeshe nyumba. Inatoka kali sana, simu zinapigwa mfululizo. Shida ni kwamba mteja akifika anasimama mlangoni, anatazama, anaondoka, na wengine wanataka niwarudishie elfu kumi ya kuonyeshwa. Mwenye nyumba naye ananisukuma niendelee hivyo hivyo kwa sababu nyumba imekaa tupu muda mrefu. Ukweli ni kwamba sebule ina ufa na ukuta wa nyuma unatoa chumvi. Nifanyeje?
Dalali, Tabata

Mdogo wangu, kwanza warudishie elfu kumi zao. Wamekulipa uwaonyeshe nyumba waliyoiona pichani, na nyumba hiyo haipo.

Pili, uelewe programu inafanya nini. Ukiiambia iondoe ufa, inalifuta eneo lile kisha inachora ukuta mpya kwa kubahatisha, kutokana na picha nyingi mno ilizofundishwa nazo. Ukiiambia tu "ipendezeshe", mara nyingi inachora upya chumba kizima, hata pale ambapo hukuomba. Nimeona grili za dirishani zikitoweka. Nimeona vioo vya luva vikigeuka kioo kimoja kikubwa, soketi ya matundu matatu ikawa ya aina ambayo hata Kariakoo huipati, na feni ikafutika darini swichi yake ikabaki ukutani. Ukiangalia picha kwenye simu, haraka haraka, huoni. Mama anayetafuta nyumba Tabata anaona, kwa sababu anaangalia grili kabla hajaangalia rangi.

Sasa tuje kwenye ufa na chumvi. Ufa mwembamba sana juu ya plasta mara nyingi ni plasta yenyewe iliyokauka haraka, na fundi anaumaliza kwa siku moja. Ufa mpana unaoanzia kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari, ukifuata maungio ya tofali, unaweza kuwa dalili kwamba msingi unatitia. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na programu inayafuta yote mawili bila kujua tofauti. Chumvi nayo inaletwa na maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia tofali. Yakifika juu yakakauka, yanaacha unga mweupe na rangi inabanduka. Ukipaka rangi mpya bila kuzuia maji yasipande, itabanduka tena. Kabati likiegemezwa kwenye ukuta ule, nguo zinaota ukungu, na kama kuna mtoto mwenye pumu usiku utakuwa mrefu. Mtu unayemficha hayo analipa kodi ya miezi sita mbele. Mimi siwezi kulikubali hilo, na nakuomba na wewe usilikubali.

Sheria nayo iko upande wake. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyeridhia mkataba kwa kudanganywa anaweza kuutengua, na kuna wengi wanaolipa kwa kuamini picha, kabla hawajakanyaga nyumba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 pia inakataza kuwapotosha watu katika biashara. Atakayetafutwa wa kwanza ni wewe, maana namba ya simu kwenye tangazo ni yako.

Nyumba hiyo unaweza kuipiga vizuri bila kuidanganya. Nenda asubuhi, jua likiwa upande wa sebule. Fungua mapazia yote, toa ndoo, ndala na nguo zilizoanikwa. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini, kwa sababu alama ya kidole ndiyo inayofanya picha nyingi za madalali zionekane zina ukungu. Simama kwenye kona, ishike simu usawa wa kifua bila kuiinamisha, ili kuta zisimame wima. Usitumie lenzi pana ile iliyoandikwa 0.5, inavuta chumba mpaka mtu anadhani anaingia ukumbini. Hapo ndipo programu ikusaidie: kuongeza mwanga, kurekebisha rangi ya taa iliyofanya ukuta mweupe uwe wa njano, kunyoosha picha iliyolala upande, kuficha namba ya gari na nyuso za watoto wa mpangaji anayehama. Kazi yake iishie hapo.

Ufa upige picha ya karibu na uweke sarafu pembeni ili mtu ajue upana wake. Kwenye tangazo andika kwamba ukuta wa nyuma una unyevu na mwenye nyumba atautengeneza kabla ya mpangaji kuingia. Halafu rudi kwa mwenye nyumba na hesabu: nyumba ikikaa miezi mitatu bila mtu, kodi ya miezi mitatu imepotea, na kwa ukuta mmoja pesa hiyo mara nyingi inatosha kumlipa fundi. Akikataa kutengeneza na akakataa usiseme, iache nyumba yake. Jina lako hapo Tabata utalihitaji kwa miaka mingi kuliko hiyo pesa ya udalali ya mwezi mmoja.

Binti, hujambo. Nina nyumba ya vyumba vitatu Bunju, haijawahi kukaliwa. Mjukuu wangu amechukua picha za vyumba vitupu na kompyuta imeweka makochi, zulia, kitanda na mapazia. Kwa kweli inapendeza. Je, nitakuwa nimemdanganya mtu?
Mzee wa Bunju

Shikamoo mzee. Makochi yenyewe hayana ubaya, mradi msomaji wa tangazo aambiwe juu ya picha ile ile kwamba samani zimechorwa, na picha ya chumba kitupu iwekwe pembeni yake. Jimbo la California, Marekani, limeliweka hilo kwenye sheria tangu Januari 1, 2026: tangazo la nyumba lenye picha iliyobadilishwa kwa kompyuta lazima liseme hivyo waziwazi na limwezeshe mtu kuiona picha ya asili. Kurekebisha mwanga, rangi, au kunyoosha picha hakuhesabiki. Mimi naupenda mpaka huo walivyouweka, kwa sababu ndipo hasa mpigapicha mwaminifu anaposimama, na hakuna anayetuzuia na sisi kufanya vivyo hivyo Bunju.

Kinachonitia wasiwasi kwenye picha zako ni vipimo. Programu haijui chumba kina futi ngapi. Inachora kitanda kidogo ili kipate nafasi, na chumba kinaonekana kikubwa. Mwambie mjukuu achukue futi kamba. Kama chumba ni futi kumi kwa kumi, kitanda cha sita kwa sita kikiingia kinabakiza futi nne. Toa kabati la futi mbili, zinabaki futi mbili za kupita. Sasa angalia pichani: kama kati ya kitanda na kabati mtu anaweza kutandika mkeka akaswali, picha hiyo si ya chumba chako. Andika vipimo vya kila chumba kwenye tangazo. Mpangaji mwenye kitanda chake atakushukuru, na hatokuja na lori la mizigo ndipo agundue hakipiti.

Na usiruhusu ichore bustani. Kama uwanja wako ni mchanga na mche mmoja wa mwembe, uonyeshe mchanga na mche wa mwembe.

Assalamu alaikum dada. Nafanya kazi Muscat mwaka wa tano sasa. Nimetumiwa picha za nyumba inayouzwa Mbezi, nzuri mno, na muuzaji anataka kishika uchumba wiki hii kwa madai kwamba kuna mteja mwingine. Nitajuaje kama picha ni za kweli?
Kaka yako, Muscat

Waalaikum salaam kaka, na pole kwa kazi za mbali. Wiki hii usitume chochote. Anayekuharakisha hataki upate muda wa kuangalia.

Anza na picha zenyewe. Mwombe picha mbili za chumba kimoja, kila moja kutoka kona tofauti. Programu inachora picha moja vizuri, lakini mara nyingi inashindwa kukumbuka ilichochora inapohamia upande wa pili. Hesabu nondo za grili kwenye picha zote mbili. Angalia soketi ziko wapi, feni ina mapanga mangapi, mstari wa marumaru unakutana wapi na mlango. Angalia kioo cha bafuni kinaonyesha nini. Tazama vivuli nje: kama kivuli cha tenki la maji kinalala kushoto na cha nguzo kinalala kulia, kuna mkono umepita. Soma maandishi yoyote, hata kibao cha getini; herufi zisizosomeka vizuri ni dalili.

Kisha mwambie atume picha kama dokumenti kwenye WhatsApp, asitume kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa, na taarifa za simu iliyopiga na saa iliyopigwa hufutika njiani. Picha zilizotengenezwa au kubadilishwa na Gemini ya Google huwa na alama isiyoonekana iitwayo SynthID, na unaweza kuipakia picha kwenye Gemini yenyewe uiulize. Ikisema ipo, basi imeguswa. Ikisema haipo, usitulie, kwa sababu si programu zote zinazoweka alama hiyo.

Hata hivyo njia ninayoiamini zaidi ni simu ya video. Aanzie barabara ya lami, atembee mpaka getini bila kukata, aingie, azunguke nyumba nzima kwa nje. Mwambie afungue bomba uone maji, avute maji chooni, awashe taa, akuonyeshe luku. Mwambie aiteremshe kamera mpaka chini ya ukuta wa nje. Hapo ndipo naangalia mimi kwanza nikifika eneo lolote la bondeni: kama kuna mstari wa matope ukutani, maji yaliwahi kufika pale. Mstari huo ndio kitu cha kwanza programu inachokisafisha, kwa sababu kwake ni uchafu. Kwako wewe ndiyo habari kubwa kuliko zote, maana masika ya Machi hadi Mei yakikolea, kuna nyumba za Dar es Salaam unazifikia ukiwa umevua viatu na kukunja suruali. Mbezi ina vilima na ina mabonde, kwa hiyo jina la eneo peke yake halikuhakikishii kitu.

Halafu mtafute ndugu au rafiki aende kwa miguu yake, aulize majirani wawili bila muuzaji kuwepo, apite na ofisi ya serikali ya mtaa. Kama ina hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya senti yoyote kutoka. Picha, hata ile ya kweli kabisa, haiwezi kukuambia nyumba ni ya nani.

Dada, salamu kutoka Mombasa. Ninapangisha fleti kwa wageni, Nyali. Dirisha la chumbani linaangalia ukuta wa jengo la jirani. Nilitumia akili unde (AI) nikauondoa ule ukuta, sasa inaonekana bahari. Bahari yenyewe iko karibu, dakika chache kwa miguu. Kuna shida?
Mwenyeji, Nyali

Ipo, dada yangu, na ni kubwa. Mgeni anayelipia mandhari ya bahari analipia kile atakachokiona akiamka. Ukimpa ukuta, umemuuzia kitu usichokuwa nacho. Kenya ina Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Na kama unatangaza Airbnb, mgeni ana saa 72 tangu agundue tatizo kuliripoti na kudai pesa yake, na utabaki na chumba kitupu na maoni mabaya ambayo kila mgeni wa baadaye atayasoma.

Irudishe picha ya asili leo. Bahari ikiwa kweli ni ya dakika chache, shuka nayo simu, upige picha ufukweni asubuhi, na uandike chini yake: "Ufukwe, umbali wa kutembea kutoka fleti. Dirisha la chumbani linaangalia jengo la jirani. Chumba kina kivuli mchana."