Wastani umepanda, watoto wako wapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Wastani wetu wa darasa la saba umepanda kutoka 131 hadi 158, wazazi wanafurahi. Ila walioandikishwa darasa la kwanza wamepungua. Shule inapanda au inashuka?

JIBU: Ndugu mjumbe, wastani pekee hautakujibu. Mtihani una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia 121, B 181. Kwa 158 bado mko ndani ya C.

Jambo zito ni hili: wastani huhesabu waliofanya mtihani tu. Mtoto aliyekatishwa masomo darasa la tano akapelekwa kuchunga haushushi; na kama alikuwa nyuma darasani, kuondoka kwake kunaupandisha. Mwombeni mwalimu mkuu rejista ya uandikishaji ya mwaka ambao wahitimu hao waliingia darasa la kwanza. Waliomaliza 2025 bila kukariri, yaani bila kurudia darasa, waliingia 2019. Tuseme waliingia 110, wakafanya mtihani 64. Wale 46 wafuatilieni jina kwa jina. Aliyehama kihalali uhamisho wake umo kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, nao unaonyesha shule aliyopo. Waliobaki bila maelezo ndio mdondoko, na orodha yao ifike kwa Afisa Elimu Kata na mtendaji.

Msichanganye mdondoko na ukariri. Wasiofikia kiwango kwenye upimaji wa darasa la nne hukaririshwa, hivyo la nne linajaa na la tano linakonda. Hao wamo shuleni, ingawa mwenye miaka 13 anayekaa na wa miaka 10 yuko hatarini kuondoka, mwangalieni mapema.

Kuhusu darasa la kwanza, linganisheni na awali ya mwaka jana. Kama awali walikuwa 95 na wameingia 70, tafuteni hao 25: shule shikizi (tawi la shule kubwa) iliyopata usajili jirani, shule za mchepuo wa Kiingereza, au nyumbani. Wa nyumbani ndio wa kwenda kuwachukua.

Kisha fungueni rejista ya mahudhurio. Mapengo yakiwa Januari hadi Machi, au wakati wa mavuno, chanzo mara nyingi ni shamba: familia inahamia Kiteto kulima na mtoto anakwenda nayo. Hapo kumkaripia mzazi hakusaidii. Mtoto apate ndugu wa kubaki naye, na shule iwe na chakula. Gramu 150 za mahindi kwa mtoto kwa siku, mara siku 194 za masomo, ni kama kilo 29 kwa mwaka, debe moja na nusu hivi. Kubalianeni kwenye mkutano wa wazazi, na mchango ukusanywe baada ya mavuno, mahindi yakiwa ndani. Ukisubiri Januari, mzazi naye ananunua unga dukani, na mchango haukamiliki. Maharage yapangieni hesabu yake peke yake.